Kiti cha Bi Mwanamina Katika Chumba cha Mtihani

Assalaam alaikum warahmatullah. Shehe wetu, wazee wa Mbwera, ndugu mliotoka Kibiti na Mahege, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, anayewasomea ni Ally, mtoto wa mdogo wake marehemu, ametumwa na familia awaeleze maisha ya Bi Mwanamina binti Sadala Ngwele kabla hatujamtoa humu ndani kwenda kumswalia. Historia hii ilianza kuandikwa yeye mwenyewe akiwa hai, akaisikiliza, akaisahihisha kwa kalamu yake, na pale alipoandika pembeni ya karatasi mtasomewa alichoandika, kwa sababu ndivyo alivyoagiza, na aliyemjua anajua kwamba hata leo hakuna wa kumkaidi. Tangu jana wengi wametuuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kunong'ona kule jikoni, yuko wapi Nasra, mjukuu aliyelelewa na marehemu tangu akiwa na miaka mitano, mbona hata kwenye boti iliyoleta mwili hakuonekana, na jibu lipo, ila lina mahali pake katika historia hii, tunaomba mtuvumilie tufike.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mbwera, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Sadala Ngwele, mkata boriti, na mkewe Bi Shamsia. Kuhusu tarehe, cheti alichokuja kukatiwa ukubwani kinasema 2 Machi 1956, lakini baba yake aliandika ndani ya jalada la msahafu kwamba ilikuwa tarehe 19 Rajabu mwaka 1375, na wazee waliohesabu wanasema siku hiyo hapa kwetu iliangukia 3 Machi, maana mwezi wa Rajabu mwaka ule sisi tuliuona kesho yake baada ya wenzetu. Pembeni marehemu ameandika kwamba zisomwe zote mbili na watu wasifanye haraka ya kuchagua. Nasi tunawaomba mlikumbuke jambo hilo la siku moja, kwa kuwa lilikuja kumgharimu.

Alianza darasa la kwanza hapa Mbwera mwaka 1964, akamaliza la saba mwaka 1970, wasichana wawili tu katika darasa zima, na majina ya waliochaguliwa kuendelea yalipoletwa lake halikuwemo, wala hakuna aliyemweleza kwa nini. Mwaka 1973, kisomo cha watu wazima kilipopamba moto, alijitolea kufundisha, akawa anawakusanya wakulima alasiri wakitoka kwenye mpunga, miguu ingali na tope, na vitabu vilipokwisha akawasomesha kwa kurasa za magazeti yaliyokuja yamefungia sukari. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomkaa rohoni maisha yake yote, kwamba mtu aliyetoka kujua kusoma huamini kila kilichochapishwa, basi akaongeza somo la pili ambalo serikali haikumwagiza, somo la kuiuliza habari kabla ya kuipokea.

Katika wanafunzi wale alikuwemo kijana mmoja mwenye chombo cha kubebea boriti na mpunga kwenda Nyamisati, Saidy Abubakary Mpili, na tarehe 12 Juni 1975 wakafunga ndoa. Majirani wanasimulia mpaka leo kwamba Mzee Saidy alichelewa makusudi kumaliza kitabu cha kwanza ili darasa lisiishe, jambo ambalo marehemu ameliandikia pembeni kuwa si kweli, hakuchelewa makusudi, alikuwa mzito hasa, naye akampenda hivyo hivyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mudathiri, aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1977, ambaye mnamwona ameketi mlangoni, na Hafsa, aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 1980, ambaye alitangulia mbele ya haki tarehe 17 Mei 2008 akimwacha binti yake Nasra mikononi mwa bibi yake.

Tunafika sasa mahali ambapo marehemu hakupenda kupaongelea, na ambapo ndipo palipokuwa moyo wake. Mwezi Januari 1985 alisikia redioni kwamba kipo chuo kinachofundisha cheti cha sheria kwa njia ya posta, akaandika barua, na baada ya miezi miwili mumewe akarudi kutoka Nyamisati na bahasha ya kaki imefungwa ndani ya mfuko wa chumvi isilowe. Kwa karibu miaka mitatu alisoma hivyo, watoto miguuni, sufuria jikoni, akijibu maswali na kuyapeleka gatini, majibu yakirudi na wino mwekundu wa mwalimu asiyemjua sura, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la ushahidi, kwa sababu lilimpa kwa maneno ya kisheria kile alichokuwa akiwafundisha wakulima wake, kwamba aliyeona na aliyeambiwa hawako sawa. Alama zake zilikuwa nzuri, karatasi zipo, mwenye shaka atazionyeshwa. Ilibaki kitu kimoja, mtihani wa mwisho wa kuketi chumbani, Jumatatu tarehe 16 Novemba 1987, saa tatu asubuhi, kituo cha Kibiti.

Sisi watu wa huku safari zetu tunazipanga kwa mwezi, na kanuni ya kijito chetu kila mtoto aliijua, kwamba chombo kilichosheheni boriti hupita pale mlangoni mwake mpaka tarehe 21 ya mwezi wa kuandama, ikishafika 22 maji yanakuwa mafu na mchanga unakishika. Mwezi uliokuwa mbinguni ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na jioni ya kuutafuta mbingu ya Mbwera ilikuwa na wingu zito, hatukuona kitu, wala habari ya walioona kwingine haikutufikia, tukatimiza siku thelathini kama sheria inavyotaka, tukaanza mwezi siku moja nyuma. Mzee Saidy alihesabu kama tulivyohesabu sote, akamwambia mkewe waondoke Jumamosi tarehe 14 Novemba, ambayo kwetu ilikuwa 21, wafike wakiwa na siku nzima ya kupumzika. Lakini maji yalikuwa kwenye 22 yake. Chombo kilikwama kwenye mchanga mbele ya macho ya kijiji, marehemu akiwa amevaa nguo mpya, kalamu mbili kwenye pochi, na Bi Biasha, aliyekuwa naye ndani ya chombo na ambaye leo yupo hapa kwenye mkeka wa mbele, anasema wakati maji yanazidi kushuka marehemu alikuwa akirudia vifungu vya sheria ya ushahidi kwa sauti ya chini.

Walikaa juu ya mchanga usiku ule na asubuhi yake, mpaka Jumapili alasiri mtumbwi mdogo ukaja ukawachukua wanawake wawili, wakafika Nyamisati gari halipo, wakaanza kutembea baada ya swala ya Alfajiri, lori la nazi likawaokota njiani, na marehemu akashuka Kibiti saa tano na dakika kumi. Mlango ulikuwa umefungwa tangu nusu saa ya kwanza. Msimamizi alimsikiliza, akamwonea huruma, akamwambia kwamba kanuni haimruhusu, na marehemu, aliyeisoma kanuni hiyo na kuiunga mkono katika zoezi lake la nne, hakubishana naye. Aliomba ruhusa ya kusimama dirishani tu. Kutoka hapo alikiona kiti chake, safu ya tatu, namba yake imeandikwa kwa chaki kwenye meza, karatasi ya maswali imegeuzwa kifudifudi juu yake, na pembeni ya meza peni ya chuo ambayo hakuna aliyeigusa. Bi Biasha anasema alisimama hapo mpaka mtihani ulipokwisha, na wenzake walipotoka msimamizi akampa ile karatasi ya maswali aende nayo.

Mwaka uliofuata chuo kilifunga masomo ya posta, na mlango mwingine haukupatikana. Mzee Saidy alijilaumu mpaka anaingia kaburini tarehe 30 Agosti 1999, naye kila alipojilaumu marehemu alimjibu kwamba hakuna mtu aliyedanganya siku ile, kila mmoja alisema alichokiona, na wingu halishitakiwi. Ila karatasi ile aliihifadhi. Aliijibu kwenye daftari mwaka 1988, akaijibu tena sheria zilipobadilika, na kila baada ya miaka michache akaijibu upya, maswali yale yale matano, na hakuwepo mtu wa kumsahihishia. Alitamani, jamani. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, alitamani chumba kile kama wengine wanavyotamani Maka, na kuna siku tulimkuta amekaa uani, mikono juu ya mapaja, anatazama tu, na tulijua alikuwa wapi.

Kwa upande wa kazi, pamoja na mpunga wake na ufundishaji, tangu mwaka 1992 hadi 2009 alikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, yaani mmoja wa wale wazee wanaoketi na hakimu na kutoa maoni, na anasifika kwa kuwachosha mashahidi. Lakini kazi aliyojulikana nayo Mbwera nzima haikuwa na mwajiri. Kila siku taarifa ya habari ya saa saba mchana ilipokwisha alizima redio, wanawake wakiendelea kupepeta mpunga na wanaume wakishona nyavu zao, akaijibu taarifa ile habari baada ya habari, halafu akaandika majibu kwenye daftari, na yapo madaftari thelathini na moja. Maswali yake yalikuwa matatu, nani kasema, aliona au aliambiwa, na nani atafaidika sisi tukiamini. Watoto wakambandika jina la Bi Nani Kasema, naye akalipenda kuliko majina yote.

Wapo waliomdhania kuwa mtu wa kupinga kila kipya, na hao hawakusoma madaftari. Tarehe 6 Agosti 2019 iliposemwa kwamba mashauri yataanza kufunguliwa kwa kompyuta, aliandika kwamba ni heri, mtu hatatoka tena hapa mpaka Kibiti kwenda kuambiwa njoo Alhamisi, kisha akauliza kuhusu Mbwera, ambako mtandao unashika pale gatini tu, kwenye lile jiwe mnalolijua, ambako ukisimama kuongea kijiji kizima kinakusikia, je, mwanamke anayedai matunzo ya watoto atafungulia shauri lake hapo, na mawifi zake wakipita na ndoo? Barua hiyo aliituma ofisini, akajibiwa baada ya miezi minane kwamba wanamshukuru. Mwaka 2022 ikasemwa kwamba sasa zipo sheria zinazofundishwa na chuo kupitia simu tangu mwanzo hadi mwisho, hata mtihani unafanyiwa nyumbani, na watu wakakaa tayari kucheka, wakijua ataichana. Aliiuliza maswali yake yote, nani anathibitisha kwamba anayejibu ndiye aliyesoma, na umeme ukikatika katikati ya swali itakuwaje, kisha mwisho wa ukurasa, kwa mwandiko mdogo, akaandika kwamba kama ingekuwepo mwaka 1987 angeketi.

Nasra alifaulu kidato cha sita, na mwezi Oktoba 2022 akaingia chuo kusomea shahada ya sheria Dar es Salaam. Siku anaondoka marehemu alimpa karatasi ile ya maswali aione, hakumpa aichukue, na likizo ya kwanza Nasra aliporudi akakaa na peni nyekundu akamsahihishia bibi yake jibu la mwisho, akampa alama sitini na nane. Marehemu alikata rufaa swali la nne, rufaa ikakataliwa, na tangu siku ile tulimwona anatembea mwepesi.

Mwezi Mei 2024 redio ilitangaza kwamba vyuoni wanafunzi wanaandikiwa kazi zao na akili mnemba, zile programu za simu ambazo unaziuliza jambo zinakuandikia kurasa, na kwamba zitatungwa kanuni za kuwafukuza. Hapa uani watu waliwasema sana vijana. Marehemu aliandika kwamba kabla ya kufukuza aulizwe pia mwalimu mwenye wanafunzi mia nne, je, anaisoma kazi au anasoma jalada, na kama hakuna anayesoma, kijana atamwandikia nani. Wiki mbili baadaye Nasra akamtumia Mudathiri kazi yake ya muhula, kurasa kumi na mbili kuhusu haki za watu wa delta katika ardhi ya mikoko, kwa kuwa bibi yake alitaka kusoma kila anachoandika, na Mudathiri akaichapisha steshenari ya Kibiti akaileta. Marehemu aliisoma mara mbili kwa furaha, akatuita tusikie Kiswahili kilivyonyooka. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

Ukurasa wa sita ulitaja shauri la mwaka 1996 lililoamuliwa na mahakama ya mwanzo ya kwetu, mwezi Mei, wakulima wa mpunga wakishinda dhidi ya wakata mikoko, lina namba, lina majina, lina hadi maneno ya hakimu. Marehemu mwaka huo alikuwa mshauri wa mahakama hiyo hiyo. Kuanzia Machi hadi Julai mahakama haikukaa hata siku moja, hakimu alikuwa amehamishwa na mwingine hajaja, naye alijua kwa sababu kila Jumanne alikwenda akakuta mlango umefungwa, akarudi. Alitembea mpaka gatini, akapanda juu ya jiwe, akampigia mjukuu wake, hakumgombeza, alimuuliza tu nani kasema, na aliona au aliambiwa. La tatu hakulifikia, kwani Nasra alikuwa analia, akasema ameandikiwa na simu, kwamba wenzake wote wanafanya hivyo, kwamba alizidiwa na kazi, na kwamba kazi imeshakabidhiwa.

Hapo familia iligawanyika, hatutaficha. Mudathiri alimsihi mama yake jambo lile liishie juu ya lile jiwe, mwalimu hajagundua, kanuni mpya zinakuja, mtoto atafukuzwa, na wa kwanza kutoka kijiji hiki kufika pale atarudi mikono mitupu, na wengi wetu tulikuwa upande wake. Marehemu alijibu kwamba yeye alikosa chumba kile bila kosa, akaishi nacho, lakini Nasra akibaki ndani kwa shauri ambalo halikuwepo, siku moja atasimama mbele ya hakimu na mkulima halisi wa Mbwera nyuma yake, na ardhi ya yule mtu itakwenda na namba ya uongo. Akamtaka Nasra aende kwa mwalimu kwa miguu yake mwenyewe. Wiki tatu hatukujua litakalotokea, na katika wiki hizo marehemu hakujibu taarifa ya habari hata moja, redio ilisema na kunyamaza yenyewe. Nasra alikwenda. Chuo hakikumfukuza, kilimfutia somo, kikamwamuru alirudie mwaka mzima na kuketi mtihani wake upya, ndani ya chumba, kwa kalamu na karatasi.

Ugonjwa ulianza mwezi Novemba 2024, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo umepanuka, akahamia Kibiti kwa Mudathiri ili awe karibu na hospitali. Mwezi Aprili mwaka huu alisema anataka kuisikia historia yake akiwa hai, na Mudathiri, kwa nia njema kabisa, akaiandikia simu mambo machache, jina, miaka, kijiji, masomo ya posta, na kwa dakika mbili simu ikampa kurasa tatu nzuri sana, akamsomea kitandani. Ilisema kwamba mwaka 1987 Bi Mwanamina alihitimu kwa heshima cheti cha sheria. Marehemu aliomba sentensi hiyo irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena mara ya tatu, akafumba macho, machozi yakamtoka, na Mudathiri akafikiri amefurahi, akasema basi iachwe mama, itamkera nani. Marehemu alimwambia kwamba sentensi ile ameiota miaka thelathini na minane, ni tamu, ingekuwa bora asingeisikia, na kwamba siku itakaposomwa juu ya mwili wake yeye hatakuwa na mdomo wa kuuliza nani kasema. Akachukua peni, akaikata sentensi ile, na pembeni akaandika neno moja, Sikuketi. Ndipo kazi ya kuandika ikahamia kwetu, kila tarehe tukiitafutia aliyeiona, na hii mnayoisikia ndiyo hiyo.

Tarehe 28 Juni 2025 aliandika ukurasa wake wa mwisho, kwenye daftari la thelathini na moja, nao tunausoma kama ulivyo. Mtihani wa Nasra ni Alhamisi tarehe 10 Julai, saa nane mchana. Nikifa karibu na siku hiyo nizikwe kwa wakati wangu, nisicheleweshwe, na yeye asitoke huko. Atakayemwita atakuwa amenirudisha mimi dirishani.

Jana, Jumatano tarehe 9 Julai 2025, saa kumi na moja jioni, hospitalini Kibiti, Bi Mwanamina alitutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, mwanawe amemshika mkono. Mudathiri alimpigia Nasra, akamweleza msiba, kisha akamsomea ukurasa ule. Binti akasema anakuja, anapanda basi la alfajiri, hawezi kuketi kwenye kiti cha mtihani huku bibi aliyemlea yuko kwenye jeneza, na Mudathiri, aliyewahi kuwa upande mwingine, akausoma tena. Ndipo Nasra akauliza nani kasema hayo. Akauliza kama mjomba alimwona akiandika au aliambiwa tu. Akauliza nani atafaidika yeye asipokuja kumzika bibi yake. Mudathiri alimtumia picha ya ukurasa, na Nasra alipouona mwandiko, na zile herufi zilizolala kulia kama alivyozifundisha kwenye kisomo, hakuuliza tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibiti waliomhudumia miezi minane na kuvumilia kuulizwa kila dawa ni ya nini, majirani wa Kibiti waliomletea uji bila kukosa, manahodha walioleta mwili leo baada ya Alfajiri, na maji yakiwa makubwa ya bamvua hakuna mchanga uliowashika, wazee wenzake wa mahakama, wakulima wake wa kisomo ambao bado wapo, na Bi Biasha, shahidi wetu wa mwaka 1987. Tunawaomba radhi wale aliowachosha kwa maswali, na mwenye deni la maneno naye aje kwa Mudathiri, atamkuta na madaftari.

Na kwa mliouliza Nasra yuko wapi, sasa ni saa nane na dakika ishirini, na mlango wa chumba cha mtihani kule Dar es Salaam haujafungwa bado. Saa saba na dakika hamsini aliandika kwamba ameonyeshwa kiti chake, safu ya tatu, upande wa dirisha, na kwamba anaacha simu nje. Mudathiri ameusoma ujumbe huo kwa macho yake, hakuambiwa. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tunarejea. Bi Mwanamina binti Sadala, pumzika kwa amani, Nasra ameshaketi.